Dakika nane za Echuca: uchambuzi wa kesi ya Ratten na mpaka wa ushahidi wa kusikia

Mchana wa tarehe 7 Mei 1970, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aliuawa jikoni kwake katika mji wa Echuca, jimbo la Victoria, Australia. Alipigwa risasi ya bunduki ya marisau. Bunduki ilikuwa mikononi mwa mumewe, Ratten, na mume hakulikana hilo. Alichokana ni kusudio: alisema alikuwa akiisafisha ikafyatuka kwa bahati mbaya. Upande wa mashtaka ulimshtaki kwa kuua kwa kukusudia, ukaonyesha pia kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamke mwingine.

Mzozo mkubwa wa kisheria ulizuka juu ya simu moja. Simu hiyo ndiyo iliyoipeleka kesi ya Ratten dhidi ya Malkia hadi Baraza la Faragha, London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kutoka Australia, ambako Lord Wilberforce aliandika hukumu iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1972. Wanafunzi wa sheria huisoma kama mfano wa maneno ambayo si ushahidi wa kusikia, yaani si maneno ya mtu asiyekuwepo mahakamani yanayoletwa ili kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Usomaji huo ni nusu ya kisa tu, na tena nusu iliyo dhaifu.

Tuanze na saa, kwa sababu kesi nzima imesimama juu yake. Saa 7:09 mchana baba wa mshtakiwa alipiga simu kutoka Melbourne. Mazungumzo yalichukua dakika tatu kasoro kidogo, na baba alieleza kwamba alimsikia mkwewe kwa nyuma akitia neno hapa na pale, kama mtu asiye na shida yoyote. Kwa hiyo hadi 7:12 mwanamke alikuwa hai na nyumba ilionekana shwari. Yapata saa 7:20 askari wa kituo cha polisi cha mji huo alipiga simu nyumbani hapo, mume akapokea. Wakati huo mke alikwisha kupigwa risasi. Ndani ya nyumba walikuwamo mume, mke na watoto wadogo.

Kati ya nyakati hizo mbili, yapata 7:15, opereta wa kituo cha simu alipokea mwito kutoka namba ya nyumba hiyo. Aliuliza namba inayotakiwa. Kwa maelezo yake, sauti ya mwanamke aliyepagawa, akilia kwa kwikwi, ilimwomba ampatie polisi. Opereta aliacha laini wazi kwa sababu ya hali ya mpigaji, akaanza kuunganisha. Akiwa bado anaunganisha, mpigaji akataja anwani yake, kisha simu ikakatika. Opereta akawaarifu polisi kwamba wanahitajika kwenye anwani hiyo, na ndipo polisi walipopiga.

Mshtakiwa alikana kwamba mkewe alipiga simu yoyote. Alisema yeye ndiye aliyepiga, baada ya ajali, kuomba gari la wagonjwa. Upande wa mashtaka ulipomwita opereta kutoa ushahidi, utetezi uliweka pingamizi: mwanamke huyo amekufa, hawezi kuapishwa wala kuulizwa maswali ya dodoso, kwa hiyo maneno yake ni ushahidi wa kusikia na hayapaswi kufika mbele ya juri. Jaji alikataa pingamizi, juri ikamtia mshtakiwa hatiani, na Mahakama Kuu ya Victoria katika ngazi ya rufaa ikakubaliana na jaji.

Pingamizi hilo halikuwa la kipuuzi. Katika sheria ya kimila ya Kiingereza, maneno yaliyosemwa nje ya mahakama na mtu ambaye hakuja kutoa ushahidi hayapokelewi kwa lengo la kuthibitisha kwamba yaliyosemwa ni ya kweli. Msingi wake si ushabiki wa taratibu. Anayesimulia jambo anaweza kupotosha kwa njia nne: aliona vibaya, amesahau, anadanganya, au amejieleza kwa namna inayoeleweka visivyo. Shahidi akiwa kizimbani, wakili huzijaribu zote nne kwa dodoso: ulikuwa umbali gani, kulikuwa na mwanga kiasi gani, uligombana naye lini, uliposema hivi ulimaanisha nini. Maneno yakibebwa na mtu mwingine, aliyeko kizimbani anaweza kuulizwa jambo moja tu la maana, yaani alichokisikia. Ukimwuliza kama aliyesema alikuwa anaona vizuri, atajibu kwamba yeye hajui, na jibu hilo ni la haki.

Lakini katazo hilo lina sharti ambalo mawakili wengi hulipita mbio: linahusu lengo, si umbo la sentensi. Shahidi kusema “aliniambia” hakutoshi kuyafanya maneno yawe ushahidi wa kusikia. Mwaka 1956 Baraza la Faragha lilikuwa limeshasema hivyo katika rufaa ya Subramaniam kutoka Malaya. Mtu aliyekamatwa na risasi wakati wa hali ya hatari alitaka kueleza vitisho alivyopewa na waasi, ili aonyeshe kwamba alitenda kwa kulazimishwa. Jaji alimzuia, akidai waasi wenyewe lazima waitwe. Baraza lilitengua hatia yake. Hoja haikuwa kama waasi walisema kweli. Hoja ilikuwa kama vitisho vilitamkwa na kama msikilizaji aliviogopa. Kitisho cha uongo hutia hofu sawasawa na cha kweli.

Lord Wilberforce alianzia hapo. Kutamka maneno ni tendo la binadamu kama tendo jingine lolote, alieleza, na ikiwa tendo hilo lenyewe linahusiana na jambo linalobishaniwa, aliyelisikia anaweza kulieleza. Swali la ushahidi wa kusikia huja pale tu maneno yanapotegemewa kama masimulizi, yaani kuthibitisha jambo linalosimuliwa ndani yake.

Kwa simu ya Echuca aliona faida mbili zisizohitaji kuamini masimulizi yoyote. Ya kwanza ni kwamba simu ilipigwa. Mshtakiwa alikana, na kama sauti ilikuwa ya kike, kutoka nyumba hiyo, katika dakika hizo, basi anayeweza kuwa mpigaji ni marehemu. Ukweli huo mkavu unavunja maelezo ya mshtakiwa bila kujali mpigaji alisema nini. Ya pili ni hali ya mpigaji: kwikwi, kupagawa, kuomba polisi. Mtu aliye katika hofu ya hatari iliyopo au inayokuja haendani na picha ya mke aliyesimama jikoni kwa utulivu huku mume akisafisha bunduki.

Faida ya kwanza haina ubishi, nasi hatuoni namna ya kuipinga. Ya pili ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini, na kasoro yake huonekana ukifuata mnyororo wa fikra wa mjumbe wa juri. Mwanamke ameomba polisi akilia. Kwa nini? Kwa sababu anaogopa. Anaogopa nini? Mumewe. Kwa nini amwogope mumewe dakika hiyo? Kwa sababu amemtishia kwa bunduki. Kwa hiyo bunduki haikufyatuka kwa ajali. Hatua mbili za kwanza zinatoka kwenye hali ya mpigaji. Hatua ya tatu na ya nne zinapatikana tu ukikubali kwamba kilio chake kinaakisi sawasawa kilichokuwa kikitokea mbele yake. Hapo juri inamwamini mtu asiyekuwepo, na inamwamini katika jambo ambalo ndilo kiini cha kesi. Hakusema “mume wangu ananishambulia,” lakini maneno yake yanalidokeza, na nguvu yake dhidi ya mshtakiwa inatokana na dokezo hilo.

Udhaifu huo ulijitokeza waziwazi mwaka 1992, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilipoamua kesi ya Kearley. Polisi walikuwa wamepekua makazi ya mshtakiwa wakakuta dawa za kulevya, lakini kiasi chake hakikutosha kuonyesha kwamba ni za kuuza. Wakiwa bado humo, simu 10 zilipigwa na watu saba wakabisha hodi, wote wakimtafuta mshtakiwa na kutaka dawa. Wapigaji na wageni hao hawakuitwa mahakamani. Malodi watatu dhidi ya wawili waliukataa ushahidi huo: ombi la mnunuzi lina maana tu kama anaamini kwamba mshtakiwa ni muuzaji, na imani hiyo ni masimulizi yaliyodokezwa. Ukiitumia mantiki hiyo bila huruma kwa simu ya Echuca, ombi la polisi nalo lina maana tu kama mwombaji anaamini kwamba yuko hatarini.

Ndiyo sababu tunasema nusu ya pili ya hukumu ya Ratten ndiyo inayobeba mzigo. Lord Wilberforce hakutegemea hoja ya kwanza peke yake. Alisema kwamba hata kama ndani ya simu kuna masimulizi, yaani kwamba marehemu alikuwa akishambuliwa na mumewe, bado simu ingepokelewa chini ya kanuni ambayo wanasheria huiita res gestae, maneno yaliyofungamana na tukio.

Kanuni hiyo ilikuwa na sifa mbaya, na kwa haki. Mahakama za zamani zilipima kama maneno yalikuwa “sehemu ya tukio,” kipimo kilichogeuka mchezo wa sekunde. Katika kesi ya Bedingfield ya mwaka 1879, mwanamke aliyekatwa koo alitoka chumbani alimokuwa na mshtakiwa, akasema maneno ya kuonyesha aliyemtenda hivyo, akafa muda mfupi baadaye. Jaji Mkuu Cockburn aliyakataa maneno hayo kwa hoja kwamba tukio lilikuwa limekwisha. Lord Wilberforce alisema wazi kwamba ni vigumu kuona maneno yenye alama ya papo kwa papo kuliko hayo.

Badala ya kipimo hicho aliweka kingine kinachogusa hatari halisi. Alitaja hatari mbili. Moja ni kwamba maneno hayakunakiliwa sawasawa na aliyeyasikia. Hiyo ni hatari ya kawaida ya kila shahidi wa masikio, na dawa yake ni dodoso kwa msikilizaji mwenyewe. Inahusu uzito, na ni kazi ya juri. Nyingine ni kwamba msemaji aliyatunga ili kujinufaisha au kumwumiza mshtakiwa. Hii ndiyo hatari ambayo jaji lazima aiondoe kabla juri haijasikia chochote. Swali lake kwa hiyo si kama tukio lilikuwa bado linaendelea kwa saa ya ukutani. Swali ni kama msemaji alikuwa amezamishwa na tukio kiasi kwamba uwezekano wa kutunga unaweza kuwekwa kando. Muda na mahali ni vielelezo muhimu vya kujibu swali hilo, lakini si swali lenyewe.

Weka dakika za Echuca ndani ya kipimo hicho. Saa 7:12 mambo shwari, 7:15 kilio, 7:20 ameshapigwa risasi. Hakuna nafasi ya mtu kukaa akapanga maneno. Simu ilikatika kabla hajaunganishwa na polisi. Alilia kwa mtu asiyemjua, opereta, na hakuwa na sababu ya kumdanganya opereta huyo. Wala hakutaja kosa wala mkosaji. Aliomba msaada na kutaja mahali. Kila kimoja cha vitu hivyo kinapunguza uwezekano wa kutunga, na vyote vinathibitika bila kumtegemea marehemu.

Hilo la mwisho ni sharti ambalo likisahauliwa uamuzi huwa hatarini. Maneno hayaruhusiwi kujibeba yenyewe. Ikiwa ushahidi pekee kwamba kulikuwa na shambulio ni maneno ya anayesema ameshambuliwa, huwezi kusema yamefungamana na shambulio. Lazima kuwe na kitu cha nje kinachoyafunga kwa tukio: saa, mahali, mwili, jeraha, ushahidi wa mwingine. Huko Echuca kulikuwa na baba wa Melbourne upande mmoja wa simu na askari wa kituo upande mwingine. Ukiondoa ushahidi wa baba, saa ya kuanzia inapotea. Marehemu angeweza kuwa amepaniki kwa jambo jingine kabisa tangu asubuhi, na hoja ya mashtaka ingedhoofika sana. Huyu ndiye shahidi ambaye wasomaji wengi wa kesi hii humsahau.

Tofauti yake na kesi ya Teper ya mwaka 1952, kutoka Guiana ya Uingereza, ni ya kufundisha. Mshtakiwa alidaiwa kuchoma duka lake. Askari alieleza kwamba alimsikia mwanamke asiyejulikana akimpigia kelele dereva aliyepita, kwa maana kwamba duka lake linaungua naye anakimbia moto. Maneno hayo yalitamkwa zaidi ya mita 200 kutoka kwenye moto, yapata dakika 26 baada ya kuanza. Baraza la Faragha liliyakataa na kutengua hatia. Mwanamke hakujulikana, hakuwa ndani ya tukio, na kazi pekee ya maneno yake ilikuwa kumtambulisha mshtakiwa. Hali ya taharuki mtaani haikutosha.

Sasa tuje kwenye chumba cha mahakama, maana kanuni nzuri huharibiwa na utaratibu mbovu. Pingamizi la aina hii linatakiwa kuwekwa kabla shahidi hajayatamka maneno. Juri ikishasikia, agizo la kusahau halifuti kitu. Juri hutolewa nje, jaji husikiliza hoja, na inapobidi humsikiliza shahidi mwenyewe katika kesi ndogo ndani ya kesi. Anayetaka ushahidi uingie ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha msingi wake. Jambo la kwanza ambalo jaji anapaswa kudai kutoka kwake ni sentensi moja kamili: “Naomba maneno haya yapokelewe ili kuthibitisha kwamba…” Nafasi iliyo wazi ijazwe kwa maandishi ya kumbukumbu za mahakama. Wakili asiyeweza kuijaza hajui bado anachoomba.

Kama jibu ni “kuthibitisha kwamba simu ilipigwa,” basi ushahidi unaingia kwa kazi hiyo, na maneno yenyewe yanaweza hata kupunguzwa. Kama jibu ni “kuthibitisha kwamba alikuwa akishambuliwa,” lazima msingi wa pili ujengwe, na jaji aamue waziwazi kama uwezekano wa kutunga umeondoka. Kosa linalojirudia ni kuombea ushahidi kwa lengo la kwanza na kuutumia kwa lengo la pili. Mwendesha mashtaka anamhakikishia jaji kwamba anataka tu kuonyesha simu ilipigwa. Siku ya majumuisho anaiambia juri kwamba marehemu mwenyewe amewaeleza aliyemtendea. Hapo utetezi una sababu ya rufaa iliyoandikwa na mwenzao. Lengo lililotajwa siku ya pingamizi ndilo linaloweka mpaka wa majumuisho na wa maelekezo ya jaji kwa juri.

Baada ya kupokelewa, mambo hayajaisha kwa upande wa utetezi. Opereta anaweza kuulizwa: ulikuwa na simu ngapi wakati huo, uliandika lini ulichokisikia, uliandika maneno yenyewe au maana yake, una hakika gani kwamba sauti ilikuwa ya kike, polisi walikueleza kuhusu kifo kabla hujatoa maelezo? Swali hilo la mwisho ni la thamani kubwa. Kumbukumbu ya kilio hukua haraka ikishajulikana kwamba aliyelia amekufa. Jaji naye anapaswa kuielekeza juri kwamba kwanza iamue kama maneno yalisemwa na yalisemwa na nani, kisha ndipo izingatie yana maana gani, ikikumbuka kwamba msemaji hakuulizwa maswali. Na hata ushahidi ulio halali kwa kanuni, jaji wa kesi ya jinai ana hiari ya kuuzuia kama madhara yake kwa mshtakiwa yanazidi mno thamani yake ya kuthibitisha.

Kuna tabaka jingine ambalo hukumu haikuhitaji kulichimba, ila kila mpelelezi hulikuta. Opereta aliwaambia polisi kwamba wanahitajika nyumbani hapo. Tuseme opereta hakuitwa, na badala yake askari akapanda kizimbani na kusema, “Opereta alinieleza kuwa mwanamke amepiga akilia.” Kwa kuthibitisha kwamba mwanamke alipiga, hayo ni maneno ya opereta asiyekuwepo, msingi wa res gestae unaomwokoa marehemu haumwokoi opereta, ambaye hakuwa amezamishwa na tukio lolote. Askari anaweza kueleza tu kwamba alipata taarifa, na kwa sababu hiyo akapiga simu saa 7:20. Kila mkono uliobeba maneno unahitaji mlango wake wa kuingilia. Sentensi ya kawaida ya wapelelezi, “katika upelelezi wetu tulibaini kwamba…,” mara nyingi huficha mikono mitatu au minne isiyo na mlango hata mmoja.

Saa zenyewe zina tatizo hilohilo. Kama muda wa simu unatoka kwenye kitabu ambacho mtu aliandika kwa mkono, kitabu hicho ni maneno ya nje ya mahakama ya yule aliyeandika. Katika kesi ya Myers, Baraza la Malodi mwaka 1964 lilikataa kumbukumbu za kiwanda cha magari zilizoonyesha namba za injini, ingawa hakuna aliyetilia shaka usahihi wake, kwa sababu hapakuwa na mwanya wa kisheria wa kuzipitishia. Mabunge yaliziba pengo hilo kwa sheria za kumbukumbu za biashara, zenye masharti yake ya kutimizwa. Lakini kama muda umerekodiwa na mtambo bila mkono wa mtu, hapana masimulizi ya binadamu; Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema hivyo katika kesi ya Spiby ya mwaka 1990 kuhusu mtambo wa hoteli uliorekodi simu za wageni. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba mtambo ulifanya kazi sawasawa na saa yake ilikuwa sahihi. Katika kesi inayosimama juu ya dakika nane, saa iliyopotea dakika nne ni nusu ya kesi.

Ukibadilisha vipande vya kisa, majibu hubadilika, na kubadilisha huko ndiko kipimo bora cha kuielewa hukumu. Tuseme mpigaji angesema, “Mume wangu anataka kunipiga risasi.” Hoja ya kwanza ingebaki kwa ajili ya ukweli kwamba simu ilipigwa, lakini maudhui yangehitaji kabisa msingi wa pili, na kwa dakika zilezile yangepita. Tuseme angemwambia dada yake siku iliyotangulia kwamba anamwogopa mumewe. Hapo uzito wa tukio haupo. Maneno yanaweza kuonyesha hali ya moyo wake, lakini hali ya moyo wa marehemu lazima iwe na kazi katika kesi. Pale mshtakiwa anapodai ajali, hofu ya jana ya mke haithibitishi kusudio la leo la mume, na hatari ya juri kuruka hatua ni kubwa. Hapa tungeweka pingamizi bila kusita.

Tuseme angenusurika. Katika kesi ya Andrews ya mwaka 1987, ambamo Lord Ackner alikubali na kupanga upya kipimo cha Ratten kwa mahakama za Uingereza, Baraza la Malodi lilionya kwamba kanuni hii isitumiwe na mashtaka kama njia ya kukwepa kumwita msemaji aliye hai na anayepatikana. Andrews ilihusu mtu aliyechomwa kisu na kuibiwa na watu wawili. Alitaja washambuliaji kwa polisi dakika chache baadaye, akafa miezi miwili mbele. Utetezi ulidai kwamba alikuwa amekunywa pombe na ana kinyongo na mshtakiwa. Lord Ackner alisema mambo ya namna hiyo ni dalili maalumu ambazo jaji lazima azipime katika kuamua kama kutunga kumeondoka, au kama kuna nafasi ya kukosea isiyo ya kawaida. Makosa ya kawaida ya kumbukumbu yanabaki kuwa suala la uzito. Kwa hiyo kama mpigaji wa Echuca angekuwa na ugomvi wa mahakamani na mumewe wiki hiyo, jaji asingeweza kuliruka hilo.

Simu za dharura za leo hurekodiwa. Rekodi inaua hatari ya kwanza ya Lord Wilberforce, kwa sababu juri husikia sauti yenyewe, ila haigusi ya pili. Nchini Marekani, ambako Katiba humpa mshtakiwa haki ya kukabiliana na mashahidi wanaomshuhudia, Mahakama ya Juu katika kesi ya Davis dhidi ya Washington ya mwaka 2006 iliuliza swali linalofanana kwa njia nyingine: je, lengo kuu la mazungumzo lilikuwa kupata msaada wa dharura inayoendelea, au kukusanya maelezo ya kesi? Simu ya kuomba msaada ilipita. Simu ile ile inaweza kugeuka katikati. Opereta akianza kuuliza historia ya ndoa baada ya hatari kupita, sehemu hiyo huwa na hatima tofauti. Anayeandaa rekodi aikate kwa sekunde, na kila kipande akitetee peke yake.

Sheria zilizoandikwa zimeubana mjadala wa dokezo. Uingereza, kwa Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003, katazo linagusa maneno ambayo lengo mojawapo la msemaji lilikuwa kumfanya mwingine aamini jambo linalothibitishwa, hivyo ombi la mnunuzi wa Kearley leo lingekuwa nje ya katazo. Kifungu cha 118 kikahifadhi res gestae. Huko Victoria kwenyewe, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010, inauliza katika kifungu cha 59 kama inaweza kudhaniwa kwa busara kwamba msemaji alikusudia kudai jambo hilo. Kifungu cha 65 kinaruhusu, katika kesi za jinai na pale msemaji asipopatikana, maneno yaliyotolewa wakati wa tukio au muda mfupi baadaye katika mazingira yanayofanya uzushi usiwe rahisi. Kifungu cha 67 kinamtaka anayeutegemea ushahidi huo atoe taarifa ya maandishi kwa upande wa pili ndani ya muda unaofaa. Mwendesha mashtaka anayekumbuka Ratten na kusahau taarifa hiyo anaweza kujikuta anaomba ruhusa ya jaji asubuhi ya kesi, opereta akiwa tayari amekaa nje ya mlango.